Suala la Verner

Verner Lahti aliamini mashine kuliko watu, na wala hakuona haya kusema hivyo. Mashine ikikukatalia hukueleza sababu. Binadamu hukuchekea, kisha akaenda kukusema pembeni. Na kwa wiki tatu sasa, pale kiwandani Duluth, kaskazini mwa Marekani, wanakotengeneza majembe ya kusukumia theluji, watu walikuwa wakimchekea Verner kupita kiasi.

Akiingia chumba cha kahawa, maneno yanakatika. Akipita karakana, Dewey Kowalczyk, mchomeleaji asiyekuwa na breki mdomoni, anavuta turubai kufunika kitu kwenye kona na kumuuliza habari za baridi. Habari za baridi, Januari, Duluth! Zamani wangalau walimtania kuhusu kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya ziwa likiganda barafu. Machi iliyopita alichelewa kukiondoa, barafu ikalegea, na kibanda kikazama ziwani na jiko na redio yake. Tangu hapo alivua akiwa amekalia ndoo, upepo ukimchapa usoni, na kila aliyemuuliza aliambiwa kwamba ndoo ni bora. Sasa hata utani wa ndoo ulikuwa umekwisha.

Sababu Verner alidhani anaijua. Bosi wao, Colleen Brandvold, alikuwa amemwagiza aunganishe msaidizi wa akili mnemba na ule mtandao wa ujumbe ambao kiwanda kizima huzungumzia kazi humo: chumba cha mauzo, chumba cha stoo, chumba cha karakana, na Ukumbi ambamo wamo wote. Mtu akitaka kujua fomu ya likizo iko wapi, au jembe la mwaka juzi lilifungwa kwa bolti gani, amuulize msaidizi. Haya. Lakini kwa miaka ishirini na sita maswali hayo aliulizwa nani? Verner. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu bwana wa miaka hamsini na minane alijiona anachimba kwa bidii.

Hata hivyo kulipua kazi hakukujua. Alitoa ruhusa moja baada ya nyingine, akajaribu, akarekebisha. Akampa msaidizi jina la Toivo, jina la babu yake, mzee ambaye hakuropoka hata siku moja. Kisha akamwandikia masharti. Sharti la nne lilimpendeza kuliko yote: “Yaliyosemwa katika chumba kilichofungwa, usimwambie asiyekuwamo. Hata akiwa bosi. Hata akiwa mimi.”

Alhamisi saa nne asubuhi akatangaza Ukumbini: “Toivo yuko tayari. Muulizeni.”

Dewey ndiye aliyeanza, nani mwingine? “Toivo, nani kaiba koleo yangu?”

“Sijui kama imeibwa,” Toivo akajibu. “Jumanne uliandika hapa Ukumbini kwamba umeisahau kwenye gari lako.”

Kicheko kikasikika hadi ghorofani. Verner naye akatabasamu, maana kazi imekaa sawa. Akafungua orodha ya vyumba ambamo Toivo alikwisha kualikwa, kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kumkaribisha chumbani kwake. Mauzo. Stoo. Karakana. Na cha mwisho: “Suala la Verner. Kimefungwa. Watu 42.”

Kiwanda kizima kilikuwa na watu arobaini na watatu.

Iliuma, jamani, iliuma kweli. Nani atamwajiri mtu wa umri wake? Lakini zaidi ya mshahara, watu aliokula nao chakula cha mchana miaka yote hiyo walikuwa wamekaa wakamjadili, na hakutokea hata mmoja wa kumwambia usoni. Funguo zote za mtandao alikuwa nazo yeye. Angeweza kujiingiza mle chumbani mara moja. Kidole kikaenda, kikarudi. Hapana, mwizi hakuwa.

Kuuliza si wizi, alijiambia. Akaandika haraka, macho yakiwa kwenye vidole:

“Toivo, niambie kweli. Kwenye Suala la Verner wanasema nini juu yangu? Wananifukuza? Nimekupa kila ninachokijua. Sasa mimi ni wa kazi gani?”

Akatuma.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Alidhani anamwandikia Toivo faraghani, kumbe dirisha lililokuwa wazi mbele yake lilikuwa bado ni lile la Ukumbi.

Na Toivo akajibu hapo hapo, hadharani: “Samahani, Verner. Chumba hicho kimefungwa na wewe si mmoja wa waliomo. Sharti la nne: hata akiwa mimi.”

Verner akaufuta ujumbe wake, lakini maji yakimwagika hayazoleki; kiwanda kizima kilikwisha kusoma. Chini kwenye kioo cha kompyuta pakatokea kwamba Colleen anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Kisha mlango ukafunguliwa, Colleen mwenyewe huyo.

“Inuka, twende.”

“Nichukue koti?”

“Chukua. Karakana kuna baridi.”

Karakana walikuwa wamejaa wote, na Dewey amesimama kando ya turubai lake, uso umemwiva.

“Wewe mzee wewe!” akafoka. “Wiki tatu nimefunga mdomo! Mimi, Dewey! Unajua nilivyoteseka? Halafu unakuja kututilia kitumbua mchanga mbele ya watu!”

Akalivuta turubai. Kibanda cha kuvulia samaki kilikuwa kimesimama pale, kipya, kuta zake za bati la majembe, dirisha dogo, jiko, benchi la watu wawili, na matundu mawili sakafuni ya kupitishia ndoano.

“Tumechoka kukuona kwenye ndoo,” Colleen akasema. “Nani kakuambia unafukuzwa?”

“Toivo anajua kila kitu sasa.”

“Anajua ulichomwambia wewe. Akikosea atakemewa na nani? Dewey?”

“Nitamkemea mimi!” Dewey akadakia.

“Unaona mwenyewe kwa nini hatukuachii. Na ungeniuliza, Verner. Ofisi yangu iko hatua kumi.”

“Niliona haya.”

“Ukaona bora uulize mbele ya wote?”

Walicheka mpaka Verner naye akashindwa kujizuia. Alitaka kushukuru, akaishia kugonga ukuta wa bati kwa kiganja kana kwamba anaukagua. Ndipo akaona mlango.

“Mbona huu haujapakwa rangi?”

Kila mmoja akatazama viatu vyake. Colleen akatoa simu, akabonyeza mara mbili. “Haya, nimekuingiza chumbani. Muulize babu yako.”

Verner naye akatoa simu, na safari hii akafungua Ukumbi makusudi. “Toivo, sasa nimo. Wanasema nini juu yangu?”

“Jumbe mia tatu na kumi,” Toivo akaandika. “Karibu zote ni ugomvi wa rangi ya mlango. Wengi wanataka nyekundu, ili uuone kwenye tufani ya theluji. Dewey anataka kijani. Colleen ameonya mara nne kwamba ukiulizwa utasema yoyote ni sawa.”

Verner akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ni kweli, ndivyo ambavyo angesema.

“Nyekundu,” akaandika.

Dewey akaguna, akaenda kutafuta brashi.