Mkamwana Aliyeonekana kwenye Shuka

Kabla ya kuolewa Mbeya, Apolonia Kalinga alikuwa amekwisha kufa mara moja, akazikwa, na watu wa Iringa wakamtazama.

Mzungu mmoja wa sinema na karani wake walimwona sokoni Iringa akigombana na muuza kuku. Sinema zao hazikuwa na sauti. Walihitaji mtu ambaye mikono yake inasema, na mikono ya Apolonia ilisema kuliko mdomo. Katika sinema ya kwanza alikuwa mke mvivu asiyelima matuta. Katika ya pili alikuwa mgonjwa wa kifua aliyekataa hospitali, ndimo alimozikwa. Katika ya tatu alikuwa Mama Tabu, anayelisha mtoto chakula kilichotembelewa na nzi. Hakupewa hata siku moja nafasi ya mwanamke mwema. Karani alisema uso wake unanogea makosa. Baada ya yale mazishi, bibi mmoja wa Tosamaganga alikataa kumpa mkono mpaka kwanza amfinye aone kama anaumia.

Anania, fundi seremala wa Kinyakyusa aliyekuwa na kazi Iringa, alimwona akizikwa mara nne, na mara zote nne alilia. Mwaka 1956 akamwoa, akampeleka kwao, kwenye vilima vya kando ya mji wa Mbeya.

Huko kazi yake ikawa kutoonekana. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, na Mzee Lutengano, ingawa alibatizwa zamani, desturi hiyo hakuiacha. Akikohoa njiani, Apolonia hujifunika kanga na kutumbukia mahindini, hata kama amebeba maji. Jina la mzee pia halitamki. Na kwa kuwa kwa Kinyakyusa lutengano ni amani, wimbo wa kanisani ukifika kwenye neno hilo yeye hufunga mdomo akawasubiri wenzake wapite. Mwaka mzima mzee hakujua sura yake wala sauti yake. Alijua tu kishindo chake mahindini.

Mdogo wake mzee, Asukile, alikuwa amekwisha kusema waziwazi, "Mke wa kutoka mbali hana heshima. Siku akikosea, atapanda basi la kwanza la Iringa." Apolonia alilisikia hilo, na lilimkaa moyoni. Alimpenda Anania, na vilima vile alikuwa ameanza kuvizoea.

Ndipo gari la sinema likaja.

Walitundika shuka kubwa jeupe kati ya miti miwili kwenye uwanja wa mpira. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma ya shuka, ambako picha huonekana vilevile ila imegeuka. Giza lilipoingia mashine ikaanza kunguruma, mkono ukatokea ukichota uji kwenye sufuria. Apolonia aliutambua mkono kabla ya kuuona uso.

"Mama," alimnong'oneza mama mkwe wake, Damari, "yule ni mimi."

Damari akatazama shuka, akamtazama yeye. "Mbona unatumia mkono wa kushoto?"

"Tuko nyuma, mama."

"Ehe." Damari akafikiri. "Na mzee yuko mbele."

Walimsikia akicheka. Maneno ya sinema yalisemwa na Filemoni, bwana wa kipaza sauti, na Filemoni alisema lolote lililomjia. "Nzi ni wageni," akamsemea Mama Tabu. "Waacheni wale kwanza." Mzee Lutengano akajipiga mapaja.

"Huyu mwanamke nani alimwoa?" akauliza kwa sauti. "Namhurumia baba mkwe wake."

Anania akanyata ameinama mpaka garini, akamnong'oneza Filemoni aizime. Filemoni akageuka kumsikiliza, lakini kipaza sauti hakukiondoa mdomoni.

"Unasema huyu ni mke wako?" uwanja mzima ukasikia. "Mkamwana wa Mzee Lutengano?"

Kicheko kikakatika. Asukile akavua koti, akamfunika kaka yake kichwa kizima, akamwongoza nyumbani kama bibi harusi. Kwenye shuka bwana afya mwenye mkoba alikuwa akija, na Mama Tabu aliendelea kulisha mtoto aliyekwisha kuugua.

Asubuhi wanaume walikaa uani. Apolonia alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, mzigo wake ameufunga. Damari alikaa mlangoni.

"Kaka, umemtazama mkamwana," alisema Asukile. "Tena uso mkubwa kama nyumba. Arudi kwao."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Anania. Wakati mimi namtazama, yeye alikuwa anatazama wapi?"

"Alikuwa anatazama mashine ya Mzungu, tata. Iringa, mwaka juzi."

"Alikuwa mkwe wangu?"

"Hata mshenga hatukuwa tumemtuma."

"Basi yeye kosa hana. Aliyetazama mke wa mwanawe ni mimi, na nikacheka. Faini ni yangu. Mpeni jogoo."

"Jogoo apewe mkwe?" Asukile akashangaa.

"Unataka nimpe ng'ombe?"

Asukile hakutaka. Akachukua koti lake, akaenda zake.

Jikoni Apolonia akaanza kufungua mzigo. Huko nje mzee alikohoa, lakini hakuinuka.

"Damari, umo humo?"

"Nimo."

"Huyu Asukile alinifunika kabla haijaisha. Yule mtoto alipona?"

Damari akainamia ndani, akasikiliza, akarudi. "Anasema alipona."

"Na yule bwana afya aliyekuwa anakuja na mkoba?"

Katika sinema, bwana afya alimfokea Mama Tabu na kumsugulisha masufuria mpaka akalia. Apolonia alikumbuka siku ile, jua lilivyokuwa kali na karani akisema lia tena. Akajiziba mdomo kwa kanga. Kisha akanong'ona, na safari hii alinong'ona kirefu. Damari alicheka kabla hajageuka.

"Anasema bwana afya aliinama kumwonyesha jinsi ya kusugua sufuria, suruali ikapasuka nyuma. Ikabidi aondoke kinyumenyume mpaka Mafinga."

Mzee Lutengano alicheka mpaka kuku wakatawanyika.

"Nilijua," akasema. "Ile suruali niliiona inambana. Hebu muulize, alipofika Mafinga ikawaje?"

Apolonia akaukalia mzigo wake, akaendelea.