Joka Kwenye Paji la Uso

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo kwenye banda la video la Bi Tausi, pale ninapotafsiri filamu za kung fu za Kichina. Ila maikrofoni anayo Hemedi.

Hemedi nilimfundisha mimi kazi hii. Nilimwonyesha mahali pa kupumua watu wanapopigana, na jinsi ya kumtafsiri mzee mwenye ndevu nyeupe bila kumfanya aonekane mlevi. Sasa anashangiliwa yeye. Wivu unanijaa.

"Onyesho la Ijumaa anatafsiri nani?" namuuliza Bi Tausi.

"Kamuulize mwalimu mkuu," anasema, na kunionyesha skrini.

Naingia kwenye skrini. Ndani kuna hekalu mlimani, baridi kali, na mwalimu mkuu ni birika la chai. Hemedi ameshafika. Hata huku ameniwahi.

"Hapa aliyetangulia kuingia ndiye kaka mkubwa," linasema birika. "Mwamkie."

"Huyu ni mdogo wangu! Nimemwacha mbali kwa umri."

"Umri tunauacha getini pamoja na viatu."

Natazama getini. Kweli, miaka yangu imepangwa pale, mingine imelika visigino. Namwamkia Hemedi huku nimeuma meno. Yeye anaona haya, anataka kuniamkia mimi, birika linamkataza.

"Maikrofoni ni ya atakayeshinda pambano," linasema.

Nakunja ngumi. Siku nyingi nimeingoja nafasi hii.

"Zishushe hizo. Hapa anashinda mnyenyekevu. Inameni."

Sakafu ni ya jiwe, imechongwa joka. Nainama. Hemedi anainama. Nachungulia pembeni, naona yuko chini yangu. Nashuka zaidi. Naye anashuka. Nafikisha paji la uso kwenye jiwe, nasukuma.

Ghafla tuko jikoni kwa mama yangu, Kilosa, bado tumeinama juu ya jiwe lile lile. Kuku anapita katikati yetu. Mama anafagia akituzunguka.

"Nani anaongoza?" nauliza.

"Wewe unainama huku unachungulia," birika linajibu kutoka kwenye mafiga. "Hiyo ni kutafuta kitu ulichodondosha."

"Na yeye je?"

"Yeye anakushukuru kwa kumfundisha."

Hilo liliniuma kuliko teke. Angekuwa ananidharau, ningejua la kumfanya.

Nikaamka. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona alama katikati ya paji la uso: ncha ya mkia wa joka, imechapwa vizuri kabisa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikajua nimeshinda, na Ijumaa ni yangu. Nikavaa kofia, nikachukua mswaki, nikatoka uani.

Hemedi, ambaye tumepanga nyumba moja, alikuwa bombani ananawa uso.

"Shikamoo, kaka," akasema, akainama kama ilivyo kawaida yake kila asubuhi.

Alipoinuka, maji yakimchuruzika, nililiona joka zima kwenye paji lake la uso: kichwa, ndevu, magamba, kucha zote. Hata yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Marahaba," nikajibu, nikaivuta kofia chini kuufunika mkia wangu.