Uangalizi wa Bi Mkubwa

Mama alirudi kutoka machinjioni, manyoya ya kuku yameganda viatuni, akamkuta afisa ustawi wa jamii amekalia kiti pekee cha chumbani. Polisi wa kike alisimama mlangoni. Binti wa Mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa ingawa hakuwa amemaliza shule ya msingi, alikuwa akikoroga uji, mdogo wake Kibonge amelala mgongoni.

"Karibuni. Mmepewa hata maji?"

"Amenipa," afisa alisema. "Ana adabu. Ukienda kazini, nani anabaki na mdogo?"

Mama alidhani msaada wa wajane umefika. Alikuwa amesikia kwamba hupewa wenye watoto waliotunzwa, basi akajinadi.

"Huyu huyu. Anamwogesha, anampikia, anamfulia. Akiugua, anampeleka zahanati mwenyewe. Mimi hapa mgeni tu!" Akacheka. "Mwone huyo Kibonge. Njaa haimjui."

"Na shule?"

"Anaenda nikiwa zamu ya usiku."

Afisa alishusha pumzi.

"Dada, sheria imebadilishwa. Mtoto aliyetelekezwa sasa ni pamoja na anayeachwa chini ya uangalizi wa mtoto mwenzake. Zamani palikuwa na mwanya. Tumeuziba."

"Nani katelekezwa? Si mnamwona ameshiba?"

"Umesema kwa kinywa chako, dada."

"Basi niache kazi? Tule nini?"

"Hilo liko wizara nyingine."

Bi Mkubwa aliepua sufuria. "Ni mimi nimekosea? Uji ulishika chini jana tu."

"Hujakosea, mwanangu. Wewe pia ni mtoto. Wewe pia umetelekezwa."

Nje yalisubiri magari mawili. Watoto wadogo wana makao yao ya kulelewa, wakubwa yao. Polisi alipofungua mbeleko, Kibonge aliamka akiangua kilio. Mama alinyoosha mikono iliyonuka damu ya kuku. Mtoto akampita kwa macho, akamtupia dada yake mikono.

"Umeona?" afisa alimnong'oneza polisi. "Hata mama yake hamjui."

Bi Mkubwa alishikwa bega, akaongozwa kwenye gari la nyuma. Hakulia. Alipiga ulimi, ta, ta, ta, vile alivyozoea kumbembeleza. Kibonge akanyamaza, akatega sikio.

Milango ikafungwa. Gari la mbele lilipoondoka, Kibonge ndani yake alikuwa bado ametulia, anasubiri mlio mwingine.