Funguo za Shemeji

Wimbi la kwanza kufika kwenye gari lilikuwa dogo mno. Lilipanda taratibu, likagusa tairi la mbele, likarudi zake kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Nikakanyaga mafuta tena. Magurudumu ya nyuma yakalia, mchanga ukaruka hadi juu ya mahema tuliyopakia nyuma, na pikapu ikazidi kuzama.

"Acha mafuta," Kijiko alisema, uso wake ukichungulia kwa shida dirishani. "Unajichimbia shimo, msomi."

"Nipe nafasi kidogo."

"Nafasi unayo tangu saa nne."

Tulikuwa wanne. Mimi, binamu yangu na Profesa tulikuwa tumemaliza chuo mwezi huohuo. Huyu wa mwisho alipewa jina hilo kwa ajili ya miwani na ubishi. Wa nne alikuwa dada yake, mfupi, mwenye mikono migumu, aliyeendesha mtambo wa kuchimba kokoto, ule uitwao kijiko. Ndiyo maana watu walimwita Kijiko. Tulimwalika kwa sababu alikuwa na hema kubwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa tumelala siku mbili kwenye ncha ya kisiwa, ambako barabara ni ufuo wenyewe. Maji yakitoka, mchanga wa chini huwa mgumu kama sakafu. Yakijaa, barabara haipo. Profesa alikuwa na karatasi ya saa za maji, na asubuhi hiyo alitusomea vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyesema tunywe chai kwanza.

Sasa alikuwa ameishika karatasi ileile kwa mikono miwili. "Yatapanda kwa saa mbili zaidi," alisema.

"Mpaka wapi?"

Alielekeza kidevu nyuma yetu, juu, kwenye mstari wa mwani mkavu ambao maji ya jana yaliuacha. Mstari ule ulikuwa juu kuliko boneti.

Binamu yangu alianza kushusha vitu bila kuulizwa. "Mimi naokoa sufuria," alisema. "Nyinyi endeleeni na mkutano."

Kijiko alinyoosha mkono dirishani. "Nipe funguo."

"Siwezi. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani, bahari?"

Nilikuwa nimemwahidi shemeji, mume wa dada yangu. Ijumaa alinipa funguo mbele ya dada, akiwa bado na ovaroli yake ya ufundi bomba. "Usukani huu ni wewe tu, shemeji. Jumatatu naanza kazi hospitali, miezi mitatu. Bila gari kazi wanampa mwingine." Dada alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili. Niliapa kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba ahadi, ukiishika kwa nguvu ya kutosha, yenyewe itakuvusha.

Kwa hiyo nilikaa. Wimbi likapita chini ya gari na kutokea upande wa pili. Lililofuata likapiga mlango. Nilijiambia kwamba nalinda neno langu. Leo, baada ya miaka yote hii, naweza kusema kilichonizuia kushuka: sikutaka mtu tuliyemchukua kwa ajili ya hema lake atoe gari nililolizamisha mimi.

"Dada, mwache ajaribu mara moja tena," Profesa alisema kwa sauti ndogo.

"Akijaribu mara moja tena, tutaogelea."

Ndipo maji yakaingia ndani. Yalipenya chini ya mlango na kuzunguka viatu vyangu, baridi, na nikamwona shemeji Jumatatu asubuhi, amesimama kando ya barabara na mabomba begani, akitafuta wa kumbeba. Nikazima injini. Nikashuka. Nikaweka funguo kwenye kiganja cha Kijiko bila kumtazama.

Alichuchumaa kwenye maji, akapunguza upepo wa tairi moja baada ya jingine kwa kijiti, mpaka yakatandaa juu ya mchanga. Sisi tukachimba kwa sahani. Kisha alivuta hema lake, lile kubwa, akalikunja mara mbili na kulisukuma mbele ya magurudumu ya nyuma.

"Dada, litachanika," Profesa alisema.

"Lichanike."

Aliendesha polepole, karibu bila mafuta. Tulisukuma, maji yakiwa magotini. Hema lilipasuka kwa sauti ndefu, gari likatikisika, likapanda, likaenda moja kwa moja hadi juu ya mstari wa mwani.

Jumapili jioni nilimkuta shemeji amelala chini ya pikapu uani, anasafisha chumvi kwa mpira wa maji. Dada yangu alikuwa amefurahi kutuona wazima. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu. Ningeweza kwenda kuoga.

"Shemeji," nilisema, "si mimi niliyelitoa mchangani. Nilimpa mtu mwingine usukani."

Maji yaliendelea kugonga chuma.

"Maji ya bahari yalikuwa yamefika wapi ulipompa?"

"Ndani. Miguuni."

"Na yeye alikuomba yakiwa wapi?"

"Yakiwa nje bado."

Kisha nikasikia ovaroli ikikwaruza saruji. Alikuwa amejisogeza pembeni. Nikavua shati, nikalala chini kwenye nafasi aliyoniachia, na bila kunitazama akanipa brashi.