Kamba ya Kabri

...na nikiongeza maji kidogo unga huu utakuwa uji, nitaanza upya, nao wanaume watasubiri upya, kwa sababu shemeji Hathubha haendi kupiga mtu akiwa na njaa, alisema mwenyewe pale barazani, "Tule kwanza, kazi ya fimbo inataka tumbo," wakacheka wote, mume wangu akacheka, na Digu mwanangu akacheka kuwashinda... piga, geuza, piga, mkate wa uwele hautaki haraka na leo hata mimi siitaki, nimeoka tisa, wanataka kumi na mbili, Mungu wangu, mitatu tu, na harufu imeshaingia mpaka jikoni, imeushinda moshi, leo siku ya tatu Kabri amelala chini ya mwarobaini, amevimba, miguu imekakamaa, ng'ombe wangu niliyemlisha kiganjani tangu akiwa ndama, hata moto huu ninaopikia ni samadi yake, niliikandika ukutani ikauke, kwa mikono yangu, samadi yake safi, mkojo wake safi, maziwa yake tunampelekea mungu hekaluni, ila akishakufa hakuna mkono wa mtu wa tabaka letu la Darbar unaoweza kumgusa, mizoga ni kazi ya kina Kanku, watu wa tabaka la chini, na kina Kanku wamegoma, nyumba zote kumi na nane, tangu binamu wa Bhavesh avunjwe mbavu barabarani kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe kwenye mkokoteni wake, ndipo Bhavesh, mtoto wa Kanku, mwalimu, akasimama penye kisima chao akasema, "Si ng'ombe wanamwita mama? Wamzike wenyewe mama yao," na trekta letu lipo pale, hatua tano tu kutoka kwa Kabri, dizeli imejaa, linalokosekana ni fundo moja la kamba mguuni, fundo moja! wanaume kumi na mmoja barazani na hakuna wa kulifunga, bora wakawavunje kina Kanku mifupa... "Mama Digu!" mume wangu yuko mlangoni, leso puani, "unapika au unasali?" "Maji yamezidi kwenye unga," nanong'ona, nimejivuta ushungi mpaka kidevuni maana shemeji yuko nyuma yake, miaka ishirini hajawahi kuuona uso wangu wala kusikia sauti yangu, "Basi fanya haraka, watu wanangoja," anaondoka, na huko nje Digu anasema, "Baba mkubwa, huyo mwalimu niachieni mimi," na mtu anamjibu, "Haya, dume hilo! Leo mwalimu atafundishwa," kicheko tena, fimbo zinagonga sakafu... Digu, wewe ulizaliwa umegeuka bluu, hupumui, hujui, hakuna aliyekuambia, mvua ilifunga barabara, na Kanku alikuwa amepiga magoti kati ya miguu yangu, "Sukuma bibie, sukuma, ana kichwa kikubwa kama cha baba yake," mama mkwe kasimama mlangoni kajiziba pua kama alivyojiziba baba yako leo, "Kata kitovu wewe Kanku, hiyo ni kazi yenu," akakata, akafunga kwa uzi wa pindo la nguo yake, na wewe kimya, kimya, mama mkwe akageuka kuchota maji, hapo Kanku akakuinua akaweka mdomo wake juu ya mdomo wako akapuliza, mara moja, mara mbili, ukalia, akanitazama, nikamtazama, mpaka leo hatujamwambia mtu, kisha akaenda kuketi uani, akatoa kikombe chake kisicho na mkono kwenye tundu la ukuta, mama mkwe akammiminia chai kutoka juu ili birika lisikiguse, pumzi ya Kanku ndiyo hiyo inayocheka barazani sasa, ndiyo itakayokwenda kumpasua kichwa mwanawe, naogopa, namwogopa mwanangu kuliko ninavyoogopa harufu hii... kumi, piga, geuza, na mimi siku arobaini baada ya kukuzaa nililala kwenye mkeka pembeni, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyekula kilichotoka mkononi mwangu, mkono wangu ulikuwa najisi kama wa Kanku... hakuna aliyekula... kumi na moja, mkate umeungua, umeungua nao sijaugeuza, kwa sababu kamba ya Kabri iko nyuma ya mlango huu, mafundo yake niliyafunga mimi, na nikitoka nayo nikamfunga fundo moja mguuni mbele ya macho yao, mikate hii itatupwa yote kwa unajisi wa mkono wangu, hawataila, na trekta litamvuta Kabri, na safari yao haitakuwa na sababu, leo angalau... ila wenye fimbo mkononi hutafuta sababu nyingine, na sababu hiyo nitakuwa mimi, uso wazi, mkono wa mzoga, shemeji atasema nirudishwe kwetu, au hatasema kurudishwa, atasema jambo jingine, na Digu atainua macho kumwangalia baba yake mkubwa kabla ya kuniangalia mimi, najua... "Mama Digu, bado mingapi?" "Mmoja," nasema, na nimesema kwa sauti, shemeji ameisikia, nachukua donge la mwisho, kutoka mlangoni hadi mwarobaini ni hatua kumi na mbili, ushungi umeanguka mabegani nami siuinui, piga, geuza, piga, mikono yangu bado ni safi, kwa muda wa mkate mmoja.