Moto wa Nyuma

Mevlo alipewa nyigu mmoja tu. Hilo ndilo jina la bomba lile la kurushia kombora begani. Nyigu wa kweli huuma apendavyo, huyu huuma mara moja kisha ni wa kutupwa. Lilitengenezwa na wenyeji wenyewe, nchi yao ilipokuwa bado moja, ili wamchome nalo mgeni atakayethubutu kuvuka mpaka. Mgeni hakuja. Kilichopanda bonde la Bosnia asubuhi ile ya Juni 1992 kilikuwa kifaru cha nchi ile ile, na ndani yake pengine watu ambao Mevlo alikula nao maharage jeshini. Upuuzi mtupu!

Kifaru kilibomoa nyumba moja baada ya nyingine kikielekea shuleni. Chini ya shule walijificha watu arobaini, wakiwemo Shejla, binti wa Mevlo, na watoto wawili wa Husnija, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Pahali pekee pa kukipata kifaru ubavuni palikuwa uani kwa Bi Djulsa, mama yake Husnija, kati ya banda la kuni na mlango wa jiko.

"Mama, shuka kule chini, chumba cha viazi," Husnija alimwambia. "Hili dude likifyatuka linatema moto kwa nyuma. Linaua."

"Watu waingie kwangu watoke bila kahawa?" Bi Djulsa aling'aka. "Mevlo, mwanangu, huyu nilimlea zizini?"

"Tutakunywa baadaye, mama. Shuka, nakuomba."

Alishuka akinung'unika. Alikuwa na konzi moja ya kahawa halisi aliyoificha tangu vita vianze, na kijiji kizima kilijua.

Mevlo akalivuta bomba likafunguka, akapiga goti. Kazi ya kuangalia nyuma ilikuwa ya Husnija. Lakini askari wa miguu walitokeza kando ya kifaru, na Husnija akakimbilia uzioni na bunduki yake. Alimwangusha wa kwanza, kisha akampiga wa pili risasi ya tumbo. Yule wa pili aliketi barabarani akijaribu kurudisha matumbo yake ndani, akimwita mama yake kwa lugha yao wote.

Fundi cherehani wa jirani akatoka nyumbani mwake nguo zikiwaka. Bunduki ya kifaru ikamkata vipande viwili chini ya mti wa plamu. Mevlo akalikaza bomba begani. Kifaru kikasonga, kikapita kwenye damu ile ile, kikasimama. Mzinga ukaanza kugeuka kuelekea shuleni.

Hapo ndipo aliposikia nyuma yake vikombe vikigongana kwenye sinia.

"Mama, lala chini!" alipiga kelele, lakini Bi Djulsa alikuwa hasikii vizuri tangu bomu la wiki iliyopita.

Mzinga ukatulia. Shejla alikuwa na miaka sita. Mevlo akabonyeza.

Kombora likaingia ubavuni. Mnara wenye mzinga ukang'oka, na mtu mmoja akatoka akiwa moto mtupu, akatembea hatua tatu. Askari waliobaki wakatimua mbio.

Husnija alirudi akicheka, mpaka alipoona mlango wa jiko. Mama yake alikuwa ameangukia kizingiti. Uso haukuwepo tena. Sinia ilikunjamana, na harufu ya kahawa ilitapakaa uani pamoja na ile ya nywele zilizoungua.

Husnija alipiga magoti akavuta sketi ya mama yake ifunike magoti yaliyokuwa wazi.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kuangalia nyuma," alisema. "Niliondoka. Nimemuua mama yangu, Mevlo."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua, na Mungu shahidi, Mevlo alitamani kunyamaza kuliko alivyowahi kutamani mkate. Lakini rafiki yake alikuwa anajipiga kichwa ukutani, na ukuta ulishaanza kulowa damu.

"Usijilaumu, ndugu yangu," alisema. "Nilisikia vikombe."

Husnija akaacha kujipiga. Akaokota bunduki, akamtwanga mdomoni kwa kitako. Meno yakatoka. Mevlo hakuinua mkono. Husnija akamtwanga tena, na tena, huku akilia kwa sauti, na kutoka shuleni watoto wao wote watatu wakaja mbio wakiita baba.