Kiganja Kwenye Faiba

...na maji yanapita juu ya vidole vya Gwamaka, nimeshika jagi kulia, beseni kushoto, shemeji yangu ananawa taratibu huku anamweleza mgeni, Telesphory, mwenye boti, aliyekuja jana kuuliza kwa nini boti yake ya mbio imepasuka tumbo Jumamosi pale Matema, mawimbi ya kawaida tu, na dereva wake Godwin amelazwa, nyonga imevunjika... anamweleza kwamba ujenzi wake hauna kasoro, kasoro ni umbo, na umbo si lake, ni la marehemu kaka yake, mume wa huyu mama, hata kiganja cha mtoto wao kipo pale nyuma chini ya injini, nenda kakipapase... kiganja, kumbe anakijua, miaka yote namwambia Gwamaka, ulitoa kalibu, umbo la kunakilia, juu ya boti ya Ambwene, ukaivika faiba ufukweni Mwaya sisi tukiwa msibani kwake, naye anacheka, shemeji, ziwa halina hakimiliki, boti zote zinafanana, nikaacha, nilikuwa na mpunga wa kupalilia na Queen wa kusomesha, Queen huyohuyo aliyebonyeza mkono kwenye puti mbichi ya boti ya baba yake alipokuwa mdogo, nikanyanyua kofi, Ambwene akasema mwache, hiyo ndiyo saini yetu, na kila boti ya Gwamaka ikatoka na vidole vile vitano, zikishinda ni boti za Gwamaka, imepasuka moja, leo ni ya Ambwene... “Ongeza kidogo, shemeji,” namwongezea, natafuta hasira, sipati, ninachokiona ni kwamba wali unapoa na samaki, mbasa, ni wachache, Ambwene alikuwa analaza faiba matabaka matano pale panapopigwa na wimbi, anasubiri kila moja likauke, mimi nikilalamika harufu inaingia kwenye mboga, na Gwamaka pembeni, kaka unapoteza mali, matatu yanatosha, rangi ikishapakwa nani ataona... “Ni kweli, mama? Umbo ni la mumeo?” Telesphory ananiangalia, ana macho ya mtu ambaye hajalala, nikisema ndiyo, Ambwene ndiye aliyemvunja Godwin, nikisema hapana, nimempa Gwamaka umbo moja kwa moja, jagi zito, na sijui kwa nini nawaza kakao, asubuhi niligeuza kakao inayochacha chini ya majani ya migomba, maji yake makali yananichoma mikono, yanakula mbao, masanduku ya kuchachushia ya Marta jirani yameoza yote, langu halijavuja hata tone tangu Ambwene afe, langu si sanduku, ni boti, ile ya kwanza, yenye kiganja, ipo nyuma ya nyumba imejaa kakao na nimekuwa nikiiinamia kila msimu kama sufuria... umbo lile lile, ukiigonga inalia kama ukuta, ya Gwamaka inalia kama debe, mtu yeyote mwenye masikio...

“Ni la mume wangu,” nasema. “Ukishakula nitakuonyesha boti yake, iko hapo nyuma. Uigonge mwenyewe, halafu ukaigonge yako pia.”

Gwamaka ameondoa mikono, mimi bado namimina.